Gobore, Mark 4 na SAR: Maisha Marefu ya Bunduki Kongwe Nyanda za Buha

Wapenzi wa bunduki za zamani huko Ulaya na Marekani wana namna yao ya kupima thamani. Huanza na kiwanda, wakaenda kwenye mwaka wa kutengenezwa, namba iliyogongwa juu ya chuma, hali ya mbao ya kitako, na mwisho vita ambavyo bunduki hiyo ilitumika. Winchester ya 1866, Mauser ya 1871, Lee-Enfield ya 1907: kila moja ina vitabu vyake, minada yake, na mashabiki wanaoweza kukesha wakibishania skrubu moja. Ukizitazama bunduki hizo ukiwa Kasulu au Kibondo, kipimo hicho hakikusaidii sana. Hakuna mnada huku, wala kabati la vioo. Lakini nyanda hizi za Waha zimepitiwa na vizazi vingi vya silaha za moto vilivyotoka viwandani tangu karne ya 19, na vichache kati ya hivyo vimegoma kuondoka. Lipo gobore, linaloshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Ipo raifo ya .303, ambayo kwenye taarifa za polisi hutajwa kwa jina la Mark 4. Na ipo ile karabini ya Kirusi yenye nakala za Kichina, ambayo taarifa hizo hizo huiita SAR. Kwa nini hizi zimedumu, na nyingine zilizosifiwa kuliko hizi zikatoweka? Ninavyoona, bunduki huishi kwa kadiri mahali ilipo panavyoweza kuipatia risasi, kuitengeneza ikiharibika, na kuivumilia kisheria. Umaarufu wa kiwanda hauna nguvu mbele ya mambo hayo matatu, na historia ya Buha inaonyesha hivyo tangu mwanzo.

Novemba 1871 Henry Morton Stanley alivuka mto Malagarasi na kuingia Uha, yaani Buha, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Msafara wake ulitoka pwani na mchanganyiko wa silaha ambao mkusanyaji wa leo angeutolea machozi: Winchester ya kufyatua mara 16, Henry ya aina hiyo hiyo, karabini za Starr zilizotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, bunduki ya tembo, na gumegume ishirini na kitu, bunduki za kushindilia zinazowashwa kwa jiwe la cheche, mikononi mwa askari wake. Kwa nguvu ya moto, huenda hakuna kundi dogo lililowahi kupita katika nchi hiyo likiwa limejizatiti namna ile. Na ilikuwaje? Walipa hongo. Mtware Mionvu alidai nguo, na baada ya majadiliano marefu Stanley alitoa makumi ya doti. Mbele kidogo akadaiwa tena. Alipowauliza watu wake kama wapigane, Sidi Mubarak Bombay, nahodha wa askari wake, alishauri walipe, kwa kuwa nchi ni ya wazi na hakuna pa kujificha. Mwishowe msafara ulilipa mtu wa kuuongoza, ukanyemelea porini usiku ili kukwepa madai zaidi. Watu hupenda kusimulia kwamba bunduki ndiyo iliyoifungua Afrika ya kati. Katika Uha ya mwaka ule, Winchester ya risasi 16 ilizidiwa nguvu na kitambaa, kwa sababu risasi zilizobebwa na wapagazi zina mwisho, na vijiji vya Waha vilikuwa vingi.

Sifa za bunduki mpya, basi, hazikuwa siri kwa watu wa njia ya Tabora na Ujiji. Mirambo wa Urambo, jirani wa mashariki wa Buha, alizitafuta kwa bidii hadi alipofariki mwaka 1884, na mfanyabiashara Mswisi Philippe Broyon alikuwa mmoja wa waliofanya naye biashara. Ila bunduki nyingi zilizofika bara zilikuwa masazo. Ulaya ilikuwa inabadilisha silaha kwa kasi isiyo ya kawaida. Waprusi waliwashinda Waaustria mwaka 1866 wakiwa na bunduki inayojazwa kwa nyuma. Wafaransa wakajibu kwa Chassepot mwaka huo huo, wakaibadilisha kwa Gras mwaka 1874, kisha mwaka 1886 wakaleta Lebel iliyotumia baruti isiyotoa moshi. Kila badiliko liliacha maghala yaliyojaa bunduki nzima ambazo hakuna jeshi lililozitaka tena, na wafanyabiashara wakazitafutia soko. Menelik wa Ethiopia alinunua za kutosha kuwashinda Waitaliano huko Adwa mwaka 1896. Pwani yetu nayo ilipata sehemu yake: mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Hata tukilipunguza kadirio hilo kwa nusu, kwa kuwa mabalozi wa wakati ule walikuwa na sababu zao za kukuza mambo, bado ni mzigo mkubwa mno kwa njia za miguu.

Hapo ndipo sheria ilipoingia, na nadhani haijapewa uzito unaostahili katika habari za bunduki kongwe. Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliotajwa kuwa wa kukomesha biashara ya utumwa. Ndani yake ulikatazwa uingizaji wa bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu na zile zinazojazwa kwa nyuma, kwa eneo lote lililo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Kilichoruhusiwa kuuzwa, kwa masharti, ni gumegume lenye mtutu laini pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Tuseme wazi maana yake. Dola zilizokuwa zinajigawia Afrika zilijiwekea bunduki mpya zenyewe, zikamwachia Mwafrika teknolojia ya enzi za Napoleon. Kuanzia siku hiyo uzee wa bunduki ya kijijini haukuwa tena ajali ya umaskini au umbali, ulikuwa umeandikwa. Mtu anayeliona gobore la Kibondo leo na kudhani kwamba anaona watu waliochelewa, anasahau kwamba kuchelewa huko kulipangwa mezani.

Mtu anaweza kusema kuwa vikwazo vya namna hiyo havikuzuia kitu, maana silaha bora zilitekwa vitani au zikapenyezwa. Ni kweli zilitekwa. Agosti 1891 Wahehe walilivamia jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski pale Lugalo na kuondoka na bunduki zipatazo 300. Lakini bunduki ya viasi hula chakula cha kiwandani tu, na kila risasi iliyofyatuliwa ni hatua moja kuelekea siku ambayo bunduki itageuka kuwa rungu. Miaka saba baadaye mtawala wao Mkwawa alikuwa amekufa, na ngome yake ilikuwa imeanguka miaka minne nyuma. Mwenye gumegume alikuwa na silaha dhaifu zaidi, ila baruti yake iliweza kununuliwa kwa kipimo na gololi yake kufuliwa karibu. Mafundi chuma hawakukosekana katika nchi hizi: Walongo wa Uzinza, kaskazini mashariki mwa Buha, walijulikana kwa majembe yaliyosafiri hadi Tabora. Jamii inayoweza kuyeyusha mawe ikapata jembe haishindwi kunyoosha mdeki wala kubadilisha kitako.

Jambo hilo hilo liliwafika Wajerumani wenyewe. Vita vya 1914 vilipoanza, kampuni nyingi za askari wao Afrika Mashariki zilikuwa bado na Mauser ya 1871, bunduki ya milimita 11 inayopiga risasi moja moja kwa baruti yenye moshi mzito. Ilikuwa bunduki imara yenye pigo zito, na askari waliifahamu vizuri. Kasoro yake kubwa ni kwamba ukifyatua tu, wingu jeupe linamwonyesha adui ulipolala. Kilichowapa askari hao na kamanda wao Lettow-Vorbeck bunduki za kisasa ni mateka ya Tanga, Novemba 1914, walipookota mamia ya bunduki za Waingereza na risasi kama 600,000, halafu meli ya Rubens iliyoponyoka hadi ghuba ya Manza Aprili 1915. Meli hiyo ilishambuliwa na kuzama, shehena ikaopolewa ikiwa imelowa, na kwa wiki nyingi watu wakawa na kazi ya kuzifungua risasi, kuianika baruti na kuzifunga upya. Nyingi zilikataa kulipuka. Bunduki mpya zilikuwepo, zikisubiri chakula kikauke.

Upande wa magharibi hali haikuwa tofauti. Jeshi la Kongo ya Kibelgiji, Force Publique, liliingia vitani askari wake wengi wakibeba Albini, bunduki ya risasi moja iliyobuniwa miaka ya 1860. Mwaka 1916 kikosi chake chini ya Olsen kilishuka kutoka Gitega na kuitwaa Kigoma mwishoni mwa Julai, na Tabora ikaanguka Septemba. Wabelgiji wakaitawala Buha hadi 1921, waliporudi nyuma na kuwaachia Waingereza upande huu wa mpaka. Kwa hiyo ndani ya miaka mitano tu, mtu wa Buha, awe wa Heru au wa Muhambwe, alikuwa ameona majeshi mawili yakipishana nchini mwake yakiwa na bunduki ambazo huko zilikotengenezwa zilikwishaanza kuhesabiwa kuwa za makumbusho. Ajabu ya Buha ni hiyo: kale na sasa vimekuwa vikitembea pamoja humu kwa muda mrefu.

Waingereza walikuja na .303, na kwa karibu nusu karne ndiyo ikawa bunduki ya serikali. Inafaa kuitazama kwa makini, kwa sababu ndani yake ndimo tofauti ya raifo na karabini ilimofutika. Karabini ilizaliwa kwa ajili ya mpanda farasi, asiyeweza kubeba mtutu mrefu juu ya tandiko. Jeshi likawa na bunduki mbili, ndefu ya mwenda kwa miguu na fupi ya mpanda farasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliamua kutengeneza moja ya urefu wa kati, wa kama sentimita 113, itumiwe na wote. Wakati ule kulikuwa na wakosoaji waliosema imeharibika, si ndefu ya kutosha kulenga wala si fupi ya kutosha kubebeka. Mapori ya Moyowosi yalitoa hukumu nyingine. Huko farasi hadumu kwa sababu ya mbung'o, hivyo karabini haikuwa na mpanda farasi wa kumhudumia, lakini wepesi wake ulifaa kwa sababu nyingine kabisa: mtu anatembea siku nzima kwa miguu katikati ya miombo, akiwa na mzigo mgongoni. Bunduki fupi ikapata maana mpya mahali ambapo sababu yake ya asili haikuwepo. Ndiyo maana naona si sahihi kuieleza karabini kwa historia ya wapanda farasi pekee, kama vitabu vingi vifanyavyo.

Mbung'o walifanya zaidi ya kuua farasi. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu za Buha na kuwakusanya katika makazi makubwa kwa sababu ya malale. Nchi iliyoachwa ilirudi kuwa pori, pori likaleta wanyama, na mpaka wa shamba na pori ukawa mpaka wa vita vya kila msimu. Nguruwe pori na nyani hawahitaji maelezo kwa mkulima wa mahindi na muhogo. Gobore lilipata kazi hapo, na kazi hiyo haijaisha: kulinda shamba, kutisha, mara nyingine kupata kitoweo. Kwa kazi ya hatua 50 usiku, marisau ya gobore yanatosha, na .303 yenye uwezo wa kuua ng'ambo ya bonde ni hatari zaidi kuliko msaada. Wasiolijua gobore hulicheka kwa uchache wa risasi. Mkulima anayemfukuza nguruwe anahitaji mlipuko mmoja mkubwa, na gobore linautoa pamoja na moshi wake.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu ni kwamba haya yote ni umaskini uliopambwa kwa maneno. Mpe mwenye gobore bunduki ya kisasa, watasema, uone kama atalikumbuka. Kuna ukweli ndani yake. Wengi wangebadilisha, kama wangeweza kulipia kibali na risasi. Lakini nyanda za Kigoma ziliwahi kulipitia jaribio la aina hiyo bila mtu yeyote kulipanga. Baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, Warundi walimiminika Kibondo na Kasulu. Kambi za Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Mtabila zikajaa, na mwaka 1996 Nyarugusu ikafunguliwa kwa Wakongo. Pamoja na watu wasio na hatia, silaha za kivita zilivuka mpaka. SMG, kama AK inavyoitwa nchini kwetu, haikuwa tena kitu cha kambi ya jeshi pekee, na utekaji wa magari ukawa tishio barabarani kwa miaka. Kama ubora peke yake ndio unaochagua bunduki, gobore lilipaswa kufa wakati huo. Halikufa. Hadi leo magobore hayakosekani katika silaha zinazokamatwa au kusalimishwa magharibi mwa nchi. SMG ilibaki kwa watu ambao kazi yao ni uhalifu, kwa sababu hao ndio waliokuwa na njia ya kupata risasi zake na waliokwisha kukubali kuwindwa kwa ajili yake. Mkulima akikutwa na gobore lisilo na kibali ana kesi. Akikutwa na SMG ana kesi ya namna nyingine kabisa, na kijiji kizima kinajua tofauti hiyo bila kusoma sheria.

SAR inakaa katikati, na ndiyo inayoipima hoja yangu vizuri. Sergei Simonov aliibuni mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, ikiwa na risasi 10 ndani ya tumbo lisilochomoka, na Wachina wakaanza kuitengeneza mwaka 1956. Ilifika kwetu kwa njia halali, katika ushirikiano na China uliofuata kuundwa kwa Jeshi la Wananchi mwaka 1964. Kijeshi ilipitwa karibu mara tu ilipozaliwa, kwa kuwa AK ilifanya kazi yake na zaidi. Ila zote mbili hutumia risasi moja, ile ya 7.62 kwa 39, na ndiyo maana taarifa za polisi huandika risasi za SMG na SAR kwa pumzi moja. Mshindani wake ndiye anayemlisha. Mauser ya 1871 haikubahatika hivyo: milimita 11 zake zilipoacha kutengenezwa, hapakuwa na ndugu wa kuazima kwake, na leo ukitaja jina lake Kasulu utakuwa unazungumza na wanahistoria. Mark 4 iko njiani kuelekea huko. Ni bunduki sahihi kuliko SAR na imara kama ilivyokuwa, lakini risasi zake zinazidi kuwa adimu.

Wapo watakaosema nimeusahau uzuri. Sijausahau, nauweka mahali pake. Bunduki ya zamani ina mbao na chuma kilichong'arishwa kwa mkono, na mtambo wake unaeleweka kwa macho: unaona nyundo, unaona inapogonga, unajua kilichotokea. Huo ni uzuri wa kweli, na nadhani ndio unaomvuta mkusanyaji wa Ulaya na fundi wa Kibondo kwa pamoja, ingawa wa kwanza anauita sanaa na wa pili anauita urahisi wa kutengeneza. Tofauti yao inaonekana kwenye sheria. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto inaruhusu nchi kuzitenga bunduki za kale, mradi zisiwe zimetengenezwa baada ya 1899. Marekani, kwa sheria yake ya 1968, hata nakala mpya ya bunduki ya kushindilia kwa mdomo huondolewa katika orodha ya silaha za kawaida. Tanzania haiwezi kufuata njia hiyo. Gobore ni la kale kwa muundo, lakini mtutu wake unaweza kuwa bomba lililokatwa mwaka jana, na linaua tembo na watu leo. Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai mwenye silaha awe na leseni, na sioni namna nyingine ya busara, ingawa inamweka mkulima mwenye nguruwe shambani katika foleni moja na mfanyabiashara anayelinda duka.

Ninapotofautiana na utaratibu uliopo ni kwenye hatua ya mwisho. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kuwa wa kusalimisha silaha kwa hiari, serikali yetu imetoa misamaha ya namna hiyo, na silaha zilizokusanywa huteketezwa hadharani, kama ilivyowahi kufanyika mjini Kigoma. Ziteketezwe, mkoa huu umezika watu wa kutosha. Lakini kabla ya moto kuna nafasi ya karani mmoja mwenye kamera na daftari. Mtutu wenye muhuri wa ELG ulipimwa Liège, Ubelgiji. Wenye alama za Oberndorf ulitoka kwa Wajerumani. Raifo yenye namba ya kiwanda inaweza kueleza ilikuwa ya idara gani ya kikoloni. Gobore la bomba halina muhuri, ila lina mkono wa fundi, na ukikusanya 200 pamoja utaona mitindo, pengine hata karakana. Watapinga kwamba kuandika kutawaogopesha wanaosalimisha, kwa kuwa msamaha unaahidi kutouliza maswali. Pingamizi hilo ni la haki. Basi daftari liandike bunduki na wilaya ilikotoka, liache mstari wa jina la mwenyewe mtupu.